Maswali ya Wasomaji: Majina Yasiyoandikwa Juu ya Nyimbo

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali yao juu ya nyimbo za zamani za kitabuni, zile ambazo bibi zetu waliziimba bila kufungua kitabu. Barua zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizopewa. Nimezitandaza hapa mezani kwangu Bukavu, pembeni ya kitabu changu cha nyimbo, ambacho jalada lake nimelishona kwa uzi mara mbili, na nimechagua zile ambazo jibu lake linaweza kuwafaa wengi. Kuna jambo moja linalojirudia karibu katika kila barua. Juu ya wimbo pana namba, chini yake pana maneno, lakini jina la mtu hakuna. Anayeongoza ibada husema, "Tusimame, tuimbe namba fulani," nasi tunasimama na kuimba. Wimbo wa kitabuni umepita katika mikono mitatu kwa uchache, yaani wa aliyetunga maneno, wa aliyetunga melodi, na wa aliyeutia katika Kiswahili, na mara nyingi hatumjui hata mmoja wao. Katika majibu haya nimejitahidi kuwataja.

*Mwalimu, mwezi wa Oktoba 2024, baada ya boti iliyotoka Minova kuzama karibu na bandari ya Kituku, tulimzika jirani yetu, na kwaya ikaimba "Nionapo amani kama shwari". Mzee mmoja akasema pale makaburini kwamba aliyeandika wimbo huo alipoteza watoto wake majini. Je, ni kweli, au ni hadithi ya kuwafariji wafiwa? (Mama wa Himbi, Goma)*

Mama, poleni sana. Ziwa ni letu sote, na kilio cha Kituku kilifika mpaka huku Bukavu. Mzee wenu alisema kweli.

Aliyeandika maneno ya wimbo huo ni Horatio Spafford, mwanasheria wa mji wa Chicago nchini Marekani na mzee wa kanisa la Kipresbiteri. Mwaka 1871 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji huo, na mali aliyokuwa ameiweka katika viwanja na majengo ikapotea. Miaka miwili baadaye alipanga safari ya Ulaya pamoja na mkewe Anna na binti zao wanne, Annie, Maggie, Bessie na Tanetta. Shughuli za kazi zilimzuia wakati wa kuondoka ulipofika, akawatanguliza, naye akabaki kwa nia ya kuwafuata. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1873, katikati ya bahari ya Atlantiki, meli yao ya Kifaransa, Ville du Havre, iligongana na meli ya matanga iliyoitwa Loch Earn, na kwa muda wa dakika 12 hivi ikawa imezama. Watu 226 walikufa. Anna aliokotwa akielea juu ya ubao, hana fahamu, na binti zake wote wanne walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na maji. Alipofikishwa Cardiff, alimpelekea mumewe telegramu iliyoanza kwa maneno mawili ya Kiingereza, ambayo kwa lugha yetu ni kusema: nimeokoka peke yangu.

Spafford alipanda meli kumfuata mkewe, na inasimuliwa kwamba siku moja nahodha alimwita, akamwambia kwamba sasa wanapita karibu na mahali ilipozama Ville du Havre. Hapo ndipo masimulizi yanapogawanyika. Wengi husema kwamba aliandika wimbo palepale melini, na ndivyo ilivyosimuliwa katika familia yake. Lakini Ira Sankey, mwimbaji aliyezunguka na mhubiri Moody, aliandika kwamba Spafford aliutunga mwaka 1876, wakati yeye Sankey alipokuwa mgeni wao kwa wiki kadhaa mjini Chicago. Wahubiri wetu huipenda simulizi ya kwanza, na si vigumu kuona kwa nini. Mimi naelemea ya pili, wala sioni kama inaupunguzia wimbo chochote. Wewe, Mama, uliyetoka kuzika, unajua kwamba usiku wa kwanza mtu hulia tu, na maneno hayaji. Baba ambaye kwa miaka mitatu ameamka kila asubuhi na kukuta vitanda vinne havina mtu, kisha akaandika kwamba ni salama rohoni mwake, kwangu huyo ametoa ushuhuda mzito zaidi kuliko aliyeandika katika mshtuko wa saa ileile.

Mkono wa pili ni wa Philip Bliss, aliyetunga melodi mwaka 1876 na kuiita kwa jina la meli ileile, Ville du Havre. Tarehe 29 Desemba ya mwaka huohuo daraja la reli la Ashtabula, katika jimbo la Ohio, lilivunjika chini ya treni aliyokuwa amepanda, akafa yeye na mkewe. Alikuwa na miaka 38. Kwa hiyo unapoimba wimbo huu, unaimba maneno ya mtu aliyefiwa kwa melodi ya mtu aliyekuwa karibu kufa bila kujua. Spafford na Anna walipata watoto wengine, mmoja wao, wa kiume, akafariki angali mdogo mwaka 1880. Mwaka uliofuata walihamia Yerusalemu, na huko Spafford akafa mwaka 1888 kwa malaria.

Mkono wa tatu, wa mfasiri, hauna jina katika kitabu changu, lakini kazi yake naiona waziwazi. Kwa Kiingereza mstari wa kwanza unasema juu ya amani inayotiririka kama mto, na unaofuata juu ya huzuni inayovingirika kama mawimbi ya bahari. Mfasiri hakuuleta mto. Aliweka "shwari", neno la mabaharia na wavuvi, maji yaliyolala bila upepo. Kisha mawimbi akayaacha, akasema "shida" basi. Anayelijua ziwa Kivu alfajiri, wakati wavuvi wa sambaza wanaporudi na taa zao na maji yamelala kama kioo, hahitaji kuelezwa neno hilo. Na pale makaburini Goma, mbele ya watu waliokuwa wameogopa hata kuyatazama mawimbi, mfasiri huyo aliwapa amani ya majini bila kuwatajia mawimbi yenyewe. Sijui kama kuna aliyewahi kumshukuru.

*Ninaimba sauti ya pili katika kwaya yetu. Kijana mmoja aliyesoma katika intaneti ametuambia tusiimbe tena "Amazing Grace", kwa sababu aliyeuandika aliwauza Waafrika. Wengine wanamjibu kwamba mtu huyo aliokoka katika dhoruba na papo hapo akaiacha biashara hiyo. Tumegawanyika, na mazoezi yamekuwa mabishano. (Mwimbaji wa Kadutu, Bukavu)*

Kijana wenu amesema kweli. Hao wanaomjibu wamesema nusu, na nusu waliyoiacha ndiyo inayofaa kusemwa kwa sauti mbele ya kwaya nzima.

John Newton alizaliwa London mwaka 1725, akaanza kwenda baharini akiwa mtoto wa miaka 11. Mwezi wa Machi 1748 meli aliyokuwamo, Greyhound, ilipigwa na dhoruba kali ikikaribia kuzama, naye alishinda akipiga pampu kutoa maji, na katika hofu ile akamwomba Mungu rehema. Siku hiyo aliikumbuka kila mwaka mpaka kufa kwake. Hata hivyo, baada ya dhoruba hakuiacha biashara ya watumwa. Alipanda cheo ndani yake. Akawa nahodha, akafanya safari tatu za kuchukua watu pwani ya Afrika Magharibi na kuwavusha bahari, akiwaongoza mabaharia wake katika ibada ya Jumapili huku chini ya sakafu watu wamelala wakiwa na minyororo. Aliacha mwaka 1754, tena kwa sababu ya ugonjwa uliomwangusha ghafla. Mwaka 1764 akawa mchungaji katika mji mdogo wa Olney. Wimbo aliuandika kwa ajili ya ibada ya Mwaka Mpya ya 1773, alipohubiri juu ya Daudi anayemwuliza Mungu, katika 1 Mambo ya Nyakati 17, yeye ni nani hata amefikishwa hapo alipo. Ulichapishwa mwaka 1779 katika kitabu alichokitoa pamoja na rafiki yake mshairi William Cowper.

Ilikuwa mwaka 1788 ndipo Newton alipochapisha kijitabu cha kuishutumu biashara ya watumwa na kuungama kwamba yeye mwenyewe alishiriki katika kazi ambayo sasa moyo wake ulitetemeka kuikumbuka. Hesabuni wenyewe kwaya nzima: kutoka dhoruba ya 1748 hadi kijitabu cha 1788 ni miaka 40. Baada ya hapo alitoa ushahidi wake wazi, akamtia moyo William Wilberforce aliyepigana na biashara hiyo bungeni, na sheria ya Uingereza ya kuipiga marufuku ilipitishwa mwezi wa Machi 1807. Newton alikufa mwezi wa Desemba mwaka huo, macho yake yakiwa yameshafifia sana.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya mahali tulipo. Kiswahili hiki tunachoandikiana kilifika Manyema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyopitia Nyangwe na Kasongo. Mababu wa baadhi ya wasomaji wa gazeti hili walibeba pembe hizo mabegani. Lugha iliyotumika kuhesabu vichwa vya watu ndiyo leo tunayomwombea Mungu, na hatuioni kuwa najisi kwa sababu hiyo. Ushauri wangu ni kwamba muuimbe wimbo huo, lakini anayeutangaza aitaje ile miaka 40, asiruke kutoka dhoruba hadi wokovu kana kwamba waliokuwa chini ya sakafu hawakuwako. Kijana wenu msimnyamazishe. Mpeni yeye kazi ya kuutangaza.

Kuna mengine mawili madogo. Melodi tunayoijua Newton hakuijua, kwa maana ni William Walker, nchini Marekani, aliyeunganisha maneno haya nayo katika kitabu cha mwaka 1835. Na ubeti wa Kiingereza unaosema juu ya kukaa mbinguni miaka elfu kumi si wa Newton, uliongezwa baadaye.

*Binti yangu haoni tangu utotoni, naye anaimba vizuri. Nimesikia kwamba "Usinipite Mwokozi" uliandikwa na mwanamke kipofu. Naomba maelezo ambayo naweza kumsimulia. (Baba wa Uvira)*

Baba, msimulie hivi. Fanny Crosby alizaliwa mwaka 1820 katika jimbo la New York. Alipokuwa na wiki sita macho yake yaliugua, akatiwa dawa ya kukanda isiyofaa, na hakuona tena. Bibi yake alimkalisha mapajani na kumkaririsha Biblia sura kwa sura, hata akawa na vitabu vizima kichwani. Alisoma katika shule ya wasioona ya New York, kisha akafundisha hapohapo. Alitunga kwa akili, akiushikilia wimbo wote kichwani mpaka apatikane mtu wa kumwandikia, na hesabu ya nyimbo zake inapita 8,000. Wachapishaji waliona haya kujaza kitabu kizima kwa jina la mtu mmoja, kwa hiyo nyingi zilitoka kwa majina ya kubuni, karibu 200. Huyu, basi, alifichwa na wachapishaji wake mwenyewe, kabla vitabu vyetu havijaja kumwandika namba.

"Usinipite Mwokozi" ni wa mwaka 1868. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekwenda kusema na wafungwa gerezani, na mmoja akalia kutoka katikati yao akimwomba Bwana asimpite. Crosby aliondoka na kilio hicho, na baadaye William Doane akakipa melodi. "Ndiyo dhamana" ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1873 rafiki yake Phoebe Knapp alimpigia melodi mpya kwenye kinanda, akamwuliza inasema nini, naye Crosby akasikiliza na kujibu papo hapo kwa maneno yaliyokuwa mstari wa kwanza. Hilo binti yako atalielewa upesi kuliko sisi tunaoona, kwa sababu yeye pia huupata wimbo kwa sikio kwanza. Mpigie melodi isiyo na maneno, umwulize inasema nini.

*Kanisani kwetu wanasema "Bwana Mungu nashangaa kabisa" uliletwa na wamisionari wa Uswidi waliotuletea Injili. Ni sawa? (Shemasi wa Bagira, Bukavu)*

Wimbo ni wa Kiswidi, lakini haukuja kwetu kwa njia fupi hiyo. Carl Boberg aliuandika mwaka 1885 huko Mönsterås, pwani ya Uswidi, baada ya ngurumo na mvua kumkuta njiani na kisha mbingu kutakata juu ya ghuba, na maneno yake yakaimbwa kwa melodi ya kienyeji ya nchi hiyo. Mwaka 1907 Manfred von Glehn aliutia katika Kijerumani, na mwaka 1912 Ivan Prokhanov akautoa katika Kijerumani kuupeleka Kirusi. Mwingereza Stuart Hine, aliyekuwa mmisionari upande wa Ukraine, akausikia kwa Kirusi, akauandika kwa Kiingereza, akaongeza na mambo yake mwenyewe, ukachapishwa mwaka 1949. Nyota na ngurumo zinazokuja pamoja katika ubeti wetu wa kwanza ni za Hine, kwa hiyo Kiswahili chetu kilitoka kwenye Kiingereza chake. Wamisionari wa Uswidi waliofika Kivu tangu 1921 walikuwa na wimbo huo katika lugha ya mama zao, na bado sisi tuliupata baada ya kuzunguka kwa Wajerumani, Warusi na Waingereza. Kila mmoja alipokea asichokiandika na kukikabidhi kwa mwingine. Naupenda wimbo huu zaidi tangu nilipoijua njia yake.

*Nafundisha Kiswahili sekondari. Kwa nini maneno ya nyimbo za kitabuni hutamkwa vibaya yanapoimbwa? Wanafunzi wangu wanasema ni Kiswahili cha wazungu. (Mwalimu wa Ibanda, Bukavu)*

Mwalimu mwenzangu, swali hili nimelibeba miaka mingi, na ukinivumilia nitalijibu kwa mfano mmoja tu. Chukua "Cha kutumaini sina". Maneno yake ya Kiingereza yalitungwa mwaka 1834 na Edward Mote, seremala wa samani mjini London ambaye baadaye akawa mchungaji wa Kibatisti. Melodi ni ya William Bradbury, ya mwaka 1863.

Kiingereza cha wimbo huo kinakwenda kwa hatua ya silabi nyepesi kisha nzito, nyepesi kisha nzito, na mstari unaishia kwenye silabi nzito. Bradbury alitunga melodi kwa hatua hiyo, ndiyo maana inaanza na noti nyepesi kabla ya pigo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mfasiri alihesabu silabi kwa uaminifu, nane kwa nane, na zikatosha. Mkazo ndio uliokataa. Gonga meza kwa kidole na uimbe mstari wa pili, "ila damu yake Bwana". Pigo linaangukia hivi: i-LA da-MU ya-KE bwa-NA. Maneno manne, na yote manne yamepinduliwa. Hakuna mtu sokoni Kadutu anayesema "daMU". Mwanafunzi wako husikia kitu kigeni, na sikio lake halimdanganyi, ila anakosea kufikiri kwamba kasoro iko katika maneno. Kiswahili chake ni safi kabisa: ukiusoma mstari huo bila kuuimba, ni mzuri. Tatizo liko kwenye maungio, mahali maneno ya watu wa mahali pamoja yalipotiwa katika melodi ya watu wa mahali pengine.

Kwaya nyingi hulitibu jambo hili bila kulijua. Wanapoingiza ngoma, hurefusha au husogeza silabi ya kwanza mpaka ikutane na pigo, na "damu" hurudi kuwa "DAmu". Katika mazoezi yetu niliwahi kukikataza kisogeo hicho kwa sababu hakimo katika noti. Sauti ya tatu walikuwa wakisogeza, nami nikiwarudisha, jioni baada ya jioni, hata siku moja nikausikia mstari kwa masikio yangu mwenyewe na kuelewa kwamba wao ndio waliokuwa wakisema Kiswahili. Niliwaomba radhi, na tangu siku hiyo kwaya yetu inauimba kama wao.

Mfasiri huyo pia aliacha kitu. Kibwagizo cha Kiingereza kinamalizia kwa kusema kwamba ardhi nyingine yote ni mchanga unaodidimia. Chetu hakina mchanga. Kinabaki na mwamba ulio salama, na kuurudia. Huenda alikosa nafasi katika silabi nane. Lakini nimewasikia watu wa Goma wakiuimba, watu waliojenga upya juu ya mawe meusi ambayo Nyiragongo iliyamwaga mjini mwaka 2002, na kwao neno "mwamba" lina moto ndani yake ambao Mote hakuwahi kuuona.

*Nyimbo zote mnazozieleza ni za Ulaya na Marekani. Je, sisi hatuna zetu zenye watunzi wanaojulikana? Katika kwaya yetu hapa Katuba tunaimba nyimbo za mama mmoja mzee, lakini hazimo katika kitabu chochote. (Katibu wa kwaya, Lubumbashi)*

Tunazo, na jimbo lako ni mahali pazuri pa kuanzia. Joseph Kiwele, mtunzi na mwalimu wa muziki wa mji wenu ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville, alitunga misa ya Katanga katika miaka ya 1950, akiwaimbisha Wakatoliki kwa mtindo wa nyumbani wakati ambapo mengi yaliyoimbwa kanisani yalikuwa ya Ulaya. Baadaye, Katanga ilipojitenga na Kongo, alitunga pia muziki wa wimbo wake wa taifa, akawa waziri wa elimu wa serikali yake, na akafariki mwaka 1961. Vijana wengi wa Lubumbashi wanalijua jina lake kwa siasa, wasijue misa yake.

Kisha kuna Missa Luba ya Kamina, mwaka 1958. Jina linalotajwa nayo ni la padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na ni haki litajwe, kwa sababu ndiye aliyeikusanya kwaya ya wavulana na walimu iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin na kuwaachia nafasi. Lakini muziki ulizaliwa vinywani mwao. Walichukua maneno ya Kilatini ya misa na kuyaimba kwa mitindo ya nyimbo za Kongo, za maombolezo, za ngoma, za kuagana, wakitunga papo kwa papo, na maandishi yakaja baadaye. Sahani zake za santuri zilienda dunia nzima. Majina ya wavulana wale hayakwenda nazo.

Upande wetu wa Kivu upo "Tukutendereza Yesu", ambao watu wanauimba kwa Kiganda hata wasiokijua Kiganda, kwa sababu ulivuka mipaka pamoja na uamsho uliowaka Gahini, nchini Rwanda, katika miaka ya 1930. Asili yake ni kibwagizo cha wimbo wa Kiingereza, lakini waamini wa uamsho waliufanya kuwa salamu: mmoja akimaliza kuungama, wengine wanauanzisha. Wimbo wa kuazima ukikaa kinywani kwa namna hiyo kwa karibu miaka mia, naona una haki ya kuitwa wetu.

Sasa huyo mama wa Katuba. Ndugu Katibu, swali lako lingeanzia kwake. Nenda nyumbani kwake na simu yenye nafasi ya kurekodi, pamoja na mwimbaji mmoja anayejua kuandika solfa. Mwache aimbe kila wimbo mwanzo hadi mwisho, peke yake, bila kwaya, kwa maana kwaya imekwisha kusawazisha mambo ambayo yeye huyaimba kwa namna yake. Mwulize aliutunga mwaka gani, katika jambo gani, na kama kuna mahali watu wanapokosea. Andika jina lake kamili juu ya kila ukurasa, kwa tahajia anayoitaka yeye, na tarehe ya siku hiyo. Tengeneza nakala tatu: moja ibaki kwa kwaya, moja parokiani au kwa mchungaji, na moja umpe yeye mwenyewe mkononi. Usingoje kikao cha kamati. Ukiweza, nenda Jumapili hii baada ya ibada, angali na sauti.